Mtoto Tuliyefundishwa Chuoni

Mwalimu yeyote aliyepita kwenye vyuo vyetu vya ualimu, mwamshe usiku wa manane, atakutajia hatua nne za Piaget, yule mwanasaikolojia wa ukuaji wa akili ya mtoto, bila kukosea hata moja. Sasa muulize mtoto wa Kimaasai anamsalimiaje mtu mzima, au kwa nini siku ya mnada darasa la tano hubaki nusu tupu. Kama anajua, atakwambia alijifunzia kazini, tena baada ya kuudhika kwanza.

Mimi ni mkufunzi. Kabla ya hapo nilishika chaki katika shule za msingi wilayani Simanjiro, mkoa wa Manyara, mimi mzaliwa wa Muheza niliyekulia kwenye michungwa na Kiswahili cha tangu utotoni. Msimu wa mazoezi ya kufundisha umekaribia, BTP kama wanachuo wanavyoiita, na mlangoni kwangu foleni imeshaanza. "Mkufunzi, naomba unipange shule ya karibu na nyumbani." Karibu na nyumbani maana yake ni shule ya mjini, yenye watoto walioangalia katuni za Kiswahili tangu hawajajua kutembea vizuri. Siwalaumu. Ningekuwa na umri wao ningeomba hivyohivyo. Ila ajira zikitoka, halmashauri zinazolia uhaba wa walimu haziko Kinondoni.

Tatizo hili limezaliwa na jambo jema, ndiyo maana ni gumu kulisema. Mwaka 1967, pamoja na Elimu ya Kujitegemea, nchi iliamua shule zote za msingi za serikali zifundishe kwa Kiswahili. Wanafunzi wa sekondari wakawa wanapelekwa mikoa ya mbali na kwao makusudi, wakaishi bweni moja na watu ambao wazazi wao walikuwa hawajawahi kuwaona. Walimu nao wakapangiwa popote: Mhaya akaenda Mtwara, Mndengereko akaenda Ngara. Nchi yenye lugha zaidi ya 120 ikajifunza kuishi bila kuulizana kabila. Mimi ni tunda la uamuzi huo, na mtu asije akanisoma hapa akadhani nautukana.

Lakini tulipokubaliana kutoulizana kabila, tukaacha pia kuulizana mtoto anatoka nyumba ya namna gani. Chuoni ukianza kusema "mwanafunzi wa Kidatoga" kuna mtu atakunja uso kana kwamba umeleta ukabila darasani. Kwa hiyo tunamfundisha mwanachuo kumwandalia somo mtoto mmoja tu, mtoto wa Kitanzania: anaongea Kiswahili nyumbani, baba yake ana shamba, nyumba yao haihami, na swali akiulizwa ananyoosha kidole. Elimu jumuishi tunaifundisha, na ni jambo la kheri, lakini ukisikiliza vizuri utaona kwa sehemu kubwa inahusu ulemavu. Mtoto mwenye macho na masikio mazima ambaye haelewi hata neno moja la mwalimu wake hana mada yake.

Huku kwetu kaskazini mtoto huyo yuko kila mahali. Toka Babati panda Mbulu, kisha shuka bonde la Yaeda. Utakuwa umepita kwa Wairaqw, ukakutana na Wadatoga na mifugo yao, ukafika kwa Wahadzabe. Weka na Wambugwe na Warangi wa upande wa Babati, na Wamaasai wa Simanjiro na Kiteto, basi ndani ya mkoa mmoja una Wabantu, Wakushi, Waniloti, na lugha ya Wahadzabe ambayo wataalamu wa isimu mpaka leo hawajaipatia ndugu. Vitabu vya kiada vya TET, Taasisi ya Elimu Tanzania, vinavyofika huko ndivyo hivyohivyo vinavyofika Temeke. Mtihani nao ni huohuo. Kinachoweza kubadilika ni mwalimu peke yake, na yeye ndiye tusiyemwandaa.

Mtoto wa Kimaasai akikutana na mtu mzima anainamisha kichwa na kusubiri aguswe utosini. Asubuhi yangu ya kwanza kule, watoto walinijia mmoja mmoja vichwa chini, na bahati yangu mlinzi alikuwa karibu, akanionyesha kwa mkono wake nini cha kufanya. Mwalimu mwenzangu tuliyeripoti naye hakupata mlinzi. Yeye aliona watoto waoga. "Inua kichwa! Niangalie machoni ninapoongea na wewe!" Alikuwa mwalimu mwenye moyo, nasema kweli, alitaka wajiamini kama alivyofundishwa. Lakini somo la kwanza ambalo shule iliwapa watoto wale lilikuwa kuacha adabu waliyofunzwa na mama zao, na waliporudi bomani wakawatazama wazee usoni, nani aliulizwa? Ilikuja kuulizwa shule.

Kuna mwaka chuo chetu kilipata nafasi ya kupeleka kundi la wanachuo wa BTP mbali na lami, vijiji vya Simanjiro, na mimi nikawa miongoni mwa wakufunzi waliokwenda kuwatathmini. Nitaeleza somo moja tu nililolikalia nyuma ya darasa, kwa sababu lina karibu kila kitu ninachotaka kusema.

Kijana wa Kigamboni, darasa la tatu, Hisabati, kutoa. Alikuwa amejiandaa kuliko wenzake wote. Andalio la somo limekamilika, zana ipo: kadi ya manila aliyochora ng'ombe kwa rangi, wazuri kweli, mpaka nundu ameziweka. Anajua wale ni watoto wa wafugaji, na kanuni inasema anza na wanachokijua ndipo uende kwa wasichokijua. Akamnyooshea kidole mvulana wa dawati la mbele: "Haya, kwenu mna ng'ombe wangapi?"

Kimya. Akamgeukia wa pili. Kimya. Wa tatu, binti, akajificha nyuma ya daftari akicheka kile kicheko cha aibu. Kijana akabembeleza, akatania, mwisho akajibu mwenyewe: "Haya tuseme kwenu mna ng'ombe kumi na wawili, watano wakafa." Darasa likazidi kuganda. Kwenye kisehemu cha tathmini chini ya andalio lake aliandika, "Wanafunzi hawana mwamko wa kujifunza."

Kwa Wamaasai, mali hai haihesabiwi hadharani, na watoto wa mtu hawahesabiwi pia. Kumtaka mtoto aseme mbele ya watu idadi ya ng'ombe wa baba yake ni kumtaka aalike balaa nyumbani, na kuongeza "watano wakafa" ni kuikamilisha hiyo balaa. Huku mvulana yuleyule wa dawati la mbele, jioni kundi linapoingia bomani, anasimama langoni na kujua ndama fulani hayupo bila kutaja namba yoyote. Anawajua kwa rangi, kwa pembe, kwa alama iliyokatwa sikioni, kwa mama zao. Kama hiyo si akili ya kutoa na kujumlisha, basi sijui ni ipi.

Mwalimu mkuu wa pale, mama wa Kiiraqw aliyekaa kwenye kata ile miaka mingi, alimwita kijana wakati wa chai akamweleza kwa dakika tano. Hakumkaripia. Kesho yake nikabaki makusudi nione. Kijana aliacha kadi ya ng'ombe ofisini. Akaja na duka: sukari, majani ya chai, betri za tochi, kiberiti, na bei za mnadani za kweli, ambazo jioni ile alikwenda kuziulizia kwa mwenye duka. Pesa inahesabika mbele ya mtu yeyote. Akawaweka wawiliwawili, mmoja muuzaji mmoja mnunuzi, kwa sababu mama mkuu alimwambia pia kwamba hawa hawapendi kujitokeza mmoja juu ya wenzake. Darasa lilikuwa na kelele mpaka mwalimu wa jirani akachungulia dirishani. Walikuwa wanatoa. Walikuwa wanatoa mpaka chenji ya shilingi mia mbili, na kugombana juu yake.

Hizo dakika tano za mwalimu mkuu hazimo kwenye muhtasari wowote niliowahi kuushika. Na fomu yangu ya tathmini, niliyoitoa mfukoni siku ile ya kwanza, ilinitaka nimpe alama kwa kuuliza maswali kwa mwanafunzi mmojammoja.

Baadaye nikakutana na utafiti ambao natamani ungekaa kwenye ukurasa uleule wa Piaget. Robert Serpell, mwanasaikolojia aliyefanya kazi miaka mingi Zambia, aliwapa watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester kazi ya kunakili maumbo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1979. Kwa kalamu na karatasi, watoto wa Uingereza walifanya vizuri zaidi. Kwa waya, watoto wa Zambia waliwaacha mbali. Kwa udongo wa kufinyanga, ambao wa huku na wa kule wote wanauchezea, hakukuwa na tofauti. Sababu haihitaji shahada: kijana wa Lusaka, kama wa Tandale, ametengeneza magari ya waya tangu anajua kukunja vidole. Ukileta kalamu peke yake utamtangaza mmoja kuwa mzito, ukileta waya peke yake utamtangaza mwingine. Kila ninapokaa kwenye kikao cha kujadili matokeo ya upimaji wa darasa la nne, na wilaya za wafugaji zikasomwa mwishoni, huwa nawaza tunapima kwa kalamu ya nani.

Sasa kuna mtego hapa, na vyuo vikiamka vitauingia mbio. Mtego wenyewe ni kuandaa mada inayoitwa "Mila za Makabila ya Wafugaji," yenye vipengele, wanachuo wakanakili, wakajibu mtihani. Nimeona notisi za namna hiyo zikizunguka kwa fotokopi. Mmaasai anapenda hiki, Mmang'ati, yaani Mdatoga, hapendi kile (na hata hawajui kwamba wenyewe jina la Wamang'ati wengi wao hawalipendi). Mwalimu anayekwenda na orodha ya hivyo ni hatari kuliko anayekwenda mikono mitupu, maana huyu wa pili angalau ataogopa. Mmaasai wa kwenye notisi haendi popote. Yule wa kweli ana kaka anayesuka nywele Kariakoo na mjomba dalali wa tanzanite Mirerani, Jumapili yuko kwaya ya Kilutheri, na mwaka wa ukame mkubwa wa 2022 familia yake ilihama na kundi ikakaa miezi mahali ambapo hakuna shule. Nyumba ya jirani yao haikuhama kabisa. Utaiweka wapi kwenye kipengele?

Kwa hiyo mimi sifundishi mila. Ninachojaribu kufundisha ni kuuliza, na kuuliza nako kuna ufundi. Mwanachuo wangu akifika kituoni, nataka kabla ya kuandika azimio la kazi awe anajua mnada ni siku gani, maji yanachotwa wapi na nani hutumwa kuyachota, mifugo inahamia upande upi kiangazi, na ni mtoto gani darasani anajua Kiswahili kiasi cha kuwatafsiria wenzake. Hilo la mwisho ni la lazima. Nimemwona mwanachuo aliyekuwa akifundisha darasa la kwanza akifurahi kwamba watoto wanaelewa, akisema kaeni wanakaa, akisema fungueni wanafungua, kumbe darasa zima lilikuwa linamtazama binti wa mwenye duka na kufuata anachofanya yeye. Siku binti alipougua malaria, somo lilikufa.

Asimwulize mwenyekiti wa kijiji peke yake, maana huyo atampa majibu ya mgeni rasmi. Amwulize mpishi wa shule. Amwulize mlinzi. Ajue vijana wa darasa la saba waliotoka jandoni, ambao nyumbani sasa ni watu wazima wanaoaminiwa na kundi zima, na shuleni wanapigishwa magoti mbele ya wadogo zao. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinasema kiboko ni cha mwalimu mkuu au aliyemkaimisha, na visizidi vinne. Mwalimu mgeni wa miaka 23 anayemkamata morani mkono amchape mbele ya darasa amevunja kanuni ya serikali na ya kijiji kwa mpigo, kisha anaandika kwenye rejista "mtoro."

Wapo watakaosema dawa ni rahisi: ajiri wenyeji. Tumewahi kufanya kitu kama hicho bila kukipa jina hilo. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi ilipotaka kila mtoto awe darasani ifikapo 1977, walimu hawakutosha, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa hukohuko vijijini huku wakifundisha. Tumewacheka mno. UPE, jina la Kiingereza la mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, tukaigeuza Ualimu Pasipo Elimu. Na kweli wengi wao Hisabati iliwasumbua. Lakini walimjua mtoto, walijua baba yake amehamia wapi, na neno likikwama kwa Kiswahili walilisema kwa lugha ya nyumbani kisha wakarudi. Tulipowaondoa mmoja mmoja kwa kukosa vyeti, ujuzi huo haukuandikwa mahali, ukastaafu nao.

Hata hivyo uenyeji hautoshi. Mwalimu mkali kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi dhidi ya watoto kusema Kimaasai shuleni alikuwa Mmaasai. Alifagilishwa uwanja kwa kosa hilo alipokuwa mdogo, na yeye akafagilisha. Wakenya nao wamepita njia zote mbili kwa muda mfupi: mwaka 2018 tume yao ya walimu ilianza kuwahamisha walimu, hasa wakuu wa shule, kutoka kaunti zao za nyumbani kwa hoja ya utangamano wa kitaifa, na baada ya uchaguzi wa 2022 upepo ukageuka, walimu wakaanza kurudishwa. Katika mabishano yale yote ya nani apelekwe wapi, sikusikia sana swali la akishafika anajua nini.

Tukiwa hapohapo mpakani: Wamaasai wa Kajiado na wa Longido ni ndugu, wanaozeana na kuuziana ng'ombe kupitia Namanga kila wiki. Upande wa Kenya, tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, sera inataka madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo, ingawa shule nyingi na wazazi wengi wanakimbilia Kiingereza. Upande wetu ni Kiswahili tangu kengele ya kwanza. Sitaki Kiswahili kiondoke. Kinampa mtoto wa Longido nchi nzima. Ninachotaka ni mwalimu wa darasa la kwanza aruhusiwe, bila kumwogopa mthibiti ubora, kutumia maneno mia mbili ya lugha ya mtoto kwenye muhula wa kwanza. Na afundishwe chuoni jinsi ya kuyakusanya hayo maneno na jinsi ya kuyaacha hatua kwa hatua.

Jambo hili limeshajaribiwa hapahapa nchini. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia 2014 hadi 2020, ulikuwa na kipande cha Utayari wa Kuanza Shule katika mikoa kama Tabora, Simiyu na Shinyanga, ambako watoto wengi hawaongei Kiswahili nyumbani. Kijana wa kijijini, si mwalimu mwenye cheti, alikaa na watoto wiki kadhaa kabla ya darasa la kwanza akiwasimulia hadithi na kuwachezesha, ili Kiswahili na shule visiwe vigeni siku moja. Ndivyo miradi ilivyo, ulifungwa. Wazo lenyewe halihitaji mfadhili. Karibu kila kijiji kina binti aliyemaliza kidato cha nne na hana kazi.

Nirudi kwenye foleni ya mlangoni kwangu. Wanachuo wanadhani wakufunzi ndio tunaowapeleka shule za mjini kwa kuwapenda. Ukweli una sura ya hesabu. Mkufunzi anatakiwa amwone kila mwanachuo darasani zaidi ya mara moja. Shule kumi za mjini unazimaliza kwa bodaboda. Shule tatu za Simanjiro zinataka gari, dereva, posho ya kulala na mvua isinyeshe. Ndiyo maana kundi lile la kijana wa Kigamboni halikurudiwa. Hakuna aliyepinga, wala hakukuwa na kikao cha kulijadili. Kifungu cha mafuta tu ndicho hakikuwepo mwaka uliofuata, na orodha ya shule za BTP ikarudi kuwa ileile.

Mwaka huu nimeandika ombi la namna nyingine. Siombi gari. Nimeomba wanachuo wachache wanaokubali waende wakae kule kipindi chote cha mazoezi, na tathmini yao ifanywe na mwalimu mkuu wa shule husika, kwa fomu ambayo nimeiandika upya, isiyo na kipengele cha kunyoosha vidole. Mama yule wa Kiiraqw bado hajastaafu, na nimeshampigia simu akakubali. Uongozi umeniuliza kama mwalimu mkuu wa shule ya msingi ana sifa za kumtathmini mwanachuo. Nimewajibu kwa barua, kurasa mbili, na kijana wa Kigamboni, ambaye sasa ni mwalimu Kiteto, amenisaidia kuandika ukurasa wa pili.